Picha ya Laki Nne na Nusu

Wanandoa wa mjini tunagombana kwa mengi. Simu inayolala chini ya mto, ndugu wa mume wanaofika na mabegi bila taarifa, mshahara unaokata roho tarehe 15. Lakini hebu nikuulize wewe msomaji, umewahi kununiana na mwenzako siku nne nzima kwa sababu ya picha ya ukutani? Mimi na mume wangu tumefika huko, na wala sioni aibu kusimulia.

Nianzie mbali kidogo. Tuna miaka sita ya ndoa na mtoto mmoja. Yeye mhasibu, mimi niko kwenye bima. Mwaka juzi tukafika ile hatua ambayo wengi mnaijua ila hamuisemi: maongezi yetu yote yalikuwa ya LUKU, gesi, ada na nani atampitia mtoto shuleni. Ugomvi hatukuwa nao, na hilo ndilo lililonitisha. Tulikuwa kama watu wawili waliopanga nyumba moja, tena wapangaji wazuri, kila mmoja analipa kwa wakati.

Wikiendi ndiyo usiseme. Kama si sendofu ni harusi, kama si harusi ni kikao cha harusi. Unavaa, unakula, unacheza, unarudi nyumbani hujaambizana neno na uliyekwenda naye kwa sababu spika zilikuwa sikioni.

Aliyeanza ni yeye. Jumamosi moja akaniambia anakwenda kujifunza kuchora. Nikadhani utani. Mwanaume wa miaka 37, mwenye kitambi chake na funguo za gari kiunoni, anakwenda kuchora! Mashoga zangu walikuwa na tafsiri yao tayari: "Kuchora? Shoga, mfuatilie." Basi nikamfuatilia. Nikamkuta kweli anachora. Kikombe. Tena kibaya.

Mahali penyewe ni Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo. Pameanzishwa mwaka 2008, na ukipita haraka utadhani ni yadi ya mizigo, maana studio nyingi za wasanii ni makontena ya meli yaliyotobolewa milango na madirisha. Ndani kuna ukumbi wa maonyesho, jukwaa la wazi, miti ya kukaa chini yake, na wasanii wenyewe wamechafuka rangi mpaka kwenye kandambili. Maonyesho hubadilika, warsha zipo, na tamasha lao la Chap Chap limewafanya vijana wengi wa Dar wajue njia ya huko. Mwaka 2020 wakaanzisha na akademi kwa wale wanaotaka sanaa iwe kazi, si kipaji cha kusifiwa tu kwenye misiba na harusi.

Nilikaa nje kumsubiri wiki mbili. Ya tatu nikachoka kusubiri, nikachukua penseli.

Siku hiyo mwalimu alituweka wawili wawili, uso kwa uso, akatoa sharti moja: unamchora mwenzako bila kutazama karatasi. Jicho linatembea polepole kwenye ukingo wa sura yake, na mkono unafuata kule jicho liendako. Dakika 20. Wachoraji duniani kote hufundishwa hivi, kwa sababu mtu akitazama karatasi huchora kile anachofikiri anakijua, yaani jicho kama samaki na pua kama namba saba. Akimtazama mtu ndipo anachora kilichopo.

Sasa jaribu kukumbuka, ni lini mara ya mwisho ulimtazama mumeo dakika 20 mfululizo bila televisheni pembeni? Mimi nilikutana na mvi tatu kwenye nyusi. Nikakutana na kovu dogo chini ya kidevu. Nikamuuliza tukiwa njiani, akasema ni la kuanguka na baiskeli akiwa darasa la nne. Miaka sita nimelibusu kovu hilo na sikuwahi kuliona. Picha niliyomchora ilifanana na kiazi, lakini ile safari ya kurudi nyumbani tuliongea mpaka tukapitiliza kona yetu.

Kuna dhana moja nataka niiseme, kwamba nyumba za sanaa ni za Wazungu na watalii. Huko ni kujidharau bure. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar kutafuta riziki kama yeyote yule, akafanya kazi za ndani kwa watu. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Zilikuwa zikiuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na vijana bado wanakula kwa mtindo huo.

Au mchukue George Lilanga. Huyu Mmakonde aliajiriwa pale Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972, na kazi aliyopewa kwanza ilikuwa ulinzi. Mlinzi wa getini! Baadaye yale mashetani yake yenye masikio makubwa yakazunguka Ulaya na Marekani, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wetu wanaojulikana zaidi nje. Jengo la Nyumba ya Sanaa pale mjini halipo tena, na nikipita pale huwa nageuza shingo upande mwingine. Mlinzi wa leo mwenye kipaji atakionyesha wapi?

Turudi kwenye ugomvi wetu. Tulikwenda ufunguzi wa maonyesho, tukiwa na sheria yetu ndogo ambayo nakushauri uiibe: kabla ya kusoma kile kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya picha, kila mmoja aseme ameona nini. Tukafika kwenye picha ya mwanamke amesimama kituo cha daladala usiku, beseni kichwani, taa inamulika upande mmoja wa uso. Mimi nikasema naona mtu amechelewa gari.

Mume wangu akakaa kimya. Halafu akasema, "Ni alfajiri. Na mle kwenye beseni ni vitumbua."

Mama yake aliwasomesha kwa vitumbua, hilo nilikuwa nalijua. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimbebea beseni mpaka kituoni kila siku saa kumi na moja asubuhi, na kwamba alipofika kidato cha tatu akaanza kuona haya kukutana na wenzake. Mama akalibeba mwenyewe. Hakuuliza kitu. Na wao wawili hawajawahi kulizungumza.

Ndipo tukasoma kikaratasi. Akriliki juu ya turubai. Shilingi 450,000.

"Tuichukue," akasema.

Ndugu msomaji, nyumbani tulikuwa tumedunduliza laki sita kwa ajili ya sofa kutoka Keko. Sofa letu lina spring moja inayomkaribisha mgeni kwa namna isiyo ya heshima. Nikamwambia picha haikaliwi. Akaniambia sofa la kwanza tulilikopea mwaka mzima, na leo liko wapi? Nikamwambia mtoto hawezi kulalia picha. Akaniambia kuna vitu nyumba inavihitaji ambavyo havina miguu minne. Mpaka leo naamini nilikuwa na hoja, na yeye anaamini alikuwa nayo. Tukanuniana kuanzia Ijumaa hadi Jumanne.

Jumatano nikatoka kazini mapema, nikaenda Mikocheni peke yangu kumtafuta mchoraji. Nilitaka kujua bei hiyo inatoka wapi. Ni kijana mpole, akanikalisha kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akanihesabia: turubai, rangi, mbao za fremu, studio, na wiki tano ambazo alikuwa akila kama mtu mwingine yeyote. Mauzo yenyewe si ya kila mwezi. Na picha ikipitia nyumba ya sanaa ya kibiashara, ni kawaida duniani nyumba hiyo kukata asilimia 30 mpaka 50 ya bei, maana nayo ina umeme na wafanyakazi. Ukigawanya kinachobaki kwa siku alizofanya kazi, utaona fundi wako wa AC anakuzidi ujanja.

Kinachowaudhi, akaniambia, ni mteja kuja na kauli ya "nipe bei ya Kiswahili", halafu huyohuyo jioni anaagiza nyama choma ya laki na bili haikagui. Kulipa kidogo kidogo hakuna tatizo. Tukakubaliana laki na nusu kwa miezi mitatu, picha inabaki kwake hadi deni liishe, ila inabandikwa kile kidoti chekundu cha kuonyesha imeshapata mwenyewe. Sofa likasogezwa hadi Desemba. Mume wangu nilimwambia usiku, taa ikiwa imezimwa, na kilichofuata si cha gazetini.

Picha ilikuja Agosti. Mama mkwe akaja Septemba kwa kliniki yake. Tulikuwa hatujamwambia lolote. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamkalisha upande salama wa sofa, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya ukuta, miwani mkononi, mwanawe nyuma yake amekauka kama mtuhumiwa.

"Aliyechora hii hajawahi kubeba beseni," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Ngata iko wapi? Anaweka beseni la moto kichwani hivihivi? Na shingo haikai hivyo."

Akavua khanga yake ya juu, akaisokota mara mbili, akaizungusha, akaiweka kichwani. Akaniagiza beseni jikoni. Nikaleta lile la kufulia nguo za mtoto. Akalitua juu ya ngata, akaliachia mikono, akasimama katikati ya sebule yetu kama vile daladala inakuja.

"Haya," akamwambia mwanawe, "si nasikia siku hizi unachora? Wewe unalijua beseni hili. Chora."

Akaenda kuchukua daftari. Ilimchukua dakika arobaini, na chai ikapoa.