Makovu Katika Jiwe la Snellman

Ni desturi ya miji mingi ya dunia kuwainua juu ya jiwe wafu waliotukuka, ili walio hai wapitapo wawatazame na kujipima nao. Aghalabu kipimo hicho hakimwumizi mpitaji. Hutazama, husoma jina, kisha hushika njia yake kama alivyokuja. Lakini hutokea mara moja moja kwamba sanamu ya ugenini humshika mtu mkono na kumwuliza habari za nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga, aliyesafiri mpaka Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Safari yake ilikuwa ya elimu. Chuo Kikuu cha mji huo kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ndani yake imekusanywa hazina kubwa ya matini za lugha hiyo ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali huitumia. Mwalimu alistaajabu kuona lugha ya mama yake imehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa hivyo katika nchi ya theluji. Alifurahi, na katika furaha ile palikuwa na mwiba ambao hakutaka kuutazama.

Ilikuwa tarehe 12 Mei, na bendera zilipepea juu ya majumba. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Johan Vilhelm Snellman, nayo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya Ufini na utu wa Wafini. Jioni alikwenda kuiona sanamu yake. Ni ya shaba, kazi ya mchongaji Emil Wikström, nayo ilizinduliwa mwaka 1923 mbele ya jengo la Benki ya Ufini, katika barabara inayoitwa kwa jina la Snellman mwenyewe. Mwalimu alishangaa kidogo. Alitazamia kumkuta mtetezi wa lugha mbele ya shule au maktaba. Amkuta mlangoni pa hazina ya fedha.

Walakini historia ya mtu huyo inaeleza mahali pake. Snellman alizaliwa Stockholm mwaka 1806, akalelewa Ufini. Mwaka 1809 nchi hiyo ilitoka katika utawala wa Uswidi ikaingia katika himaya ya Urusi, lakini mambo ya serikali na elimu ya juu yaliendelea kufanywa kwa Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima, yaani lugha ya watu wengi wasiosikilizwa. Snellman alikuwa mwanafalsafa wa mkondo wa Hegel, na mwaka 1843 alikuwa mkuu wa shule katika mji mdogo wa Kuopio. Kutoka huko alitoa magazeti mawili kuanzia mwaka 1844: Saima, kwa Kiswidi, kwa ajili ya wasomi, na Maamiehen Ystävä, maana yake Rafiki wa Mkulima, kwa Kifini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kusema, nzito kutenda: taifa ambalo wasomi wake hawasemi lugha ya watu wao halina akili moja, na wajibu wa kujifunza ni wa wasomi kabla ya kuwa wa wakulima. Mwaka 1846 serikali ililipiga marufuku gazeti la Saima, na mwandishi wake alihesabiwa kuwa mtu wa hatari mpaka zama zilipobadilika. Mwaka 1856 alipewa uprofesa, na mwaka 1863 akaingia katika Seneti na kushika mambo ya fedha. Mwaka huohuo Mfalme Alexander II alitia sahihi amri ya kukipa Kifini haki sawa na Kiswidi katika ofisi na mahakama, baada ya muda wa miaka 20. Na mwaka 1865 sarafu ya Ufini, iliyoitwa markka, ilifungamanishwa na fedha halisi ikaachana na rubo ya karatasi ya Kirusi. Lugha yake na sarafu yake: kwa mambo hayo mawili nchi isiyo huru ilianza kusimama kwa miguu yake, na mtu mmoja alikuwa na mkono katika yote mawili.

Mwalimu aliposogea aliona kwamba jiwe la chini ya sanamu limechubuka na kutoboka mahali pengi. Palikuwa na bibi mzee wa Kifini amekaa karibu, naye alimwuliza kwa adabu. Walizungumza kwa Kiingereza, lugha ambayo hapana mmoja wao aliyeinyonya kwa mamaye.

"Ni vipande vya mabomu ya Februari 1944, wakati wa vita," alisema bibi yule.

"Kwa nini hamkuyaziba matundu haya?"

"Yaliachwa makusudi, ili tusisahau."

Jibu hilo lilimkaa moyoni, kwa maana alijua kuwa Snellman ana makovu mengine ambayo hayamo katika jiwe. Katika miaka ya 1866 hadi 1868 Ufini ilipatwa na njaa kuu. Baridi ya ghafla ya Septemba 1867 iliua mazao mashambani, na inakadiriwa kuwa watu wapatao laki moja na nusu walikufa katika miaka hiyo, karibu wanane katika kila mia. Mshika fedha wa nchi alikuwa Snellman. Alichelewa kukopa nje kwa kuilinda sarafu changa, na mkopo ulipopatikana majira yalikuwa yamekwisha kumtangulia. Mwaka 1868 alitoka katika Seneti. Lawama hizo zimemfuata mpaka leo. Zaidi ya hayo, huyu mtetezi wa Kifini aliandika karibu kazi zake zote kwa Kiswidi. Aliwaonyesha wengine mlango ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuupita vizuri.

Hapo mwiba ule ulichoma. Mwalimu alikumbuka sikukuu iliyopita, nyumbani kwa mama yake Tanga. Mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alisoma katika shule inayofundisha kila kitu kwa Kiingereza. Na baba, aliyekuwa akihubiri heshima ya Kiswahili katika mikutano, alikuwa amepiga marufuku Kiswahili mezani ili ada isipotee bure. Siku ile bibi alimwuliza mjukuu wake habari za masomo. Mtoto alimjibu kwa Kiingereza kirefu na kizuri. Mzee alitabasamu, akamgeukia mwanawe, akasema: "Baba, nifasirie. Mgeni wangu kasema nini?" Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, akafasiri. Lakini neno "mgeni" halikuondoka katika masikio yake tangu siku hiyo.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mbele ya jiwe lile Mwalimu aliona kuwa alikuwa amewasomea methali hiyo wanafunzi wengi, asijisomee mwenyewe. Aliona pia kuwa ingekuwa rahisi kujitetea kwa mfano wa Snellman: ikiwa mkubwa yule aliandika kwa lugha asiyoitetea, mwalimu mdogo ana kosa gani? Lakini tofauti ilikuwa wazi. Snellman alikosa lugha ya watu wake, akataka watoto waipate. Yeye aliipata bure mapajani mwa mama yake, akamzuilia mtoto wake. Wala Wafini hawakuhitaji kuua lugha moja ili kuinua nyingine. Mpaka leo Kifini na Kiswidi vyote viwili ni lugha za taifa katika nchi hiyo. Mtoto angeweza kuwa na Kiingereza cha shule na Kiswahili cha bibi yake.

Usiku ule alipiga simu nyumbani. Mtoto alipokea na kumwamkia kwa Kiingereza, kama alivyofunzwa.

"Kwa Kiswahili, mwanangu," alisema baba.

Palikuwa na kimya. Kisha sauti ndogo ikasema kwa mashaka, "Baba, si ulikataza?"

"Nilikataza, nikakosea. Haya, niamkie."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kesho umpigie bibi yako, umweleze habari za masomo. Neno usilolijua mwulize yeye; hatakucheka."

Mwalimu hakujidanganya kuwa amri moja ya simu inaweza kuondoa kazi ya miaka mitatu. Mtoto atakwama, bibi atangoja, na maneno mengine yatakuja yamechubuka. Asubuhi, akienda kituoni, alipita tena mbele ya sanamu. Wafanyakazi wa benki waliingia kazini wala hawakuitazama. Aliyapapasa matundu ya jiwe kwa kidole, akaona kuwa hayakuidhoofisha nguzo hata kidogo.