Nebraska: Kinanda Uani, Baiskeli Mchangani

Ukitaja Marekani, wengi wetu tunawaza New York na maghorofa yake. Mwezi huu twende kwingine kabisa: Kaunti ya Custer, katikati ya jimbo la Nebraska, mbuga za nyasi hadi macho yachoke. Mimi nimevutwa huko na picha za zamani, na kwa wapenzi wanaoanza maisha zina mengi ya kusema.

Mwaka 1886 jamaa mmoja aliyeitwa Solomon Butcher, baada ya kilimo kumshinda, alipakia kamera kwenye gari la farasi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wenyeji wake walikuwa walowezi. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa ekari 160 karibu bure, mradi wakae na kulima miaka 5. Miti ya kujengea ilikuwa adimu, basi walikata udongo pamoja na nyasi zake, wakaupanga kama matofali. Mvua ikinyesha, paa linadondosha tope!

Picha zilipigwa nje, kwa hiyo kila familia ilitoa ilichojivunia. Wengine farasi, wengine meza yenye tikiti maji. Familia ya Hilton ndiyo ninayoipenda. Mama alitaka ndugu zake waone kwamba ana kinanda, ila nyumba ya udongo ilimtia aibu. Ikabidi kinanda kizito kiburutwe hadi uani, picha ipigwe bila nyumba, kisha kirudishwe ndani. Hebu fikiria sura ya mume siku hiyo! Lakini alikibeba. Simcheki mama yule. Na sisi tunachagua kona nzuri ya sebule kabla ya kupiga picha.

Sasa tazama picha ya mwaka 1887, karibu na Westerville. Ni ya Jerry Shores, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, na familia yake. Nyuma yao nyumba ya udongo inaonekana yote, wala haijafichwa. Ndugu zake wawili walilima jirani, mmoja akiitwa Speese na mwingine Webb, kwa sababu kila mmoja alibaki na jina la bwana wake wa zamani. Kwa mtu aliyewahi kumilikiwa, nyumba ile ilikuwa kinanda chake.

Miaka 10 baadaye, 1897, weusi wengine walikatiza Nebraska kwa baiskeli. Wanajeshi 20 wa Kikosi cha 25, wakiongozwa na Luteni James Moss, walitoka Montana hadi St. Louis, kama kilomita 3,000, kwa siku 41. Kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska magurudumu yaligoma, wakafuata njia ya reli, huku maji mabaya yakiwaumiza matumbo. Wenzao wa safari ya mwaka 1896 walipigwa picha huko Yellowstone, wamejipanga na baiskeli zao kwenye miamba. Hiyo nayo itafute.

Ukipata nafasi, shukia Omaha, nenda Lincoln ambako picha za Butcher zinahifadhiwa, kisha endesha gari hadi Broken Bow, makao makuu ya kaunti. Nauli ikikataa, nyingi zipo kwenye intaneti. Ziangalieni wawili, halafu muulizane: sisi tungetoa nini uani? Msishangae majibu yakitofautiana.