Zinafuliwa na Nani?

Ukitaja pedi Kitale, watu hucheka kwanza. Zangu ni za kufutia vioo: vipande vya maikrofaiba vinavyonaswa kwa velkro kwenye kibao chenye mpini. Nimeajiriwa kusafisha madirisha kwa ndani, wiki moja Kitale, nyingine Bungoma, kwenye ofisi ambazo hawataki kuona tone la maji kwenye zulia.

Uchafu wa ndani si matope. Ni mafuta ya vidole na vumbi. Gazeti linang'arisha, lakini wino hubaki kwenye fremu nyeupe. Tishu huacha manyoya. Pedi yenye unyevu kidogo hubeba mafuta, kavu inamalizia, na kioo kinatulia.

Mdosi alifurahi sana kuacha kununua tishu. "Hizi zinafuliwa," akasema.

Zinafuliwa. Kiswahili kina ujanja huo: kazi inatajwa, mfanyaji anapotea. Mfuaji ni mimi, saa mbili usiku, beseni katikati ya miguu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Dawa ya kulainisha nguo marufuku, kwa sababu hufunika nyuzi na kesho kioo kitajaa michirizi. Taulo za pamba nazifua kando, la sivyo pedi zinanasa manyoya yake. Bungoma kuna joto, zinakauka haraka. Kitale mvua ikinyesha, nalala chini ya kamba ya pedi mbichi.

Matatu ya Bungoma hupitia Webuye, kwenye kiwanda cha karatasi kilichoitwa Pan Paper, kilichosimama 2009. Nikikipita huwa nawaza: aliyetengeneza karatasi ya kutupwa alikuwa na mshahara. Anayefua ili kisitupwe kitu, je?

Sipingi pedi. Kioo kinatoka safi na pipa la takataka halijai. Ila akiba ya mdosi inatoka kwenye usiku wangu. Kwa hivyo mwezi uliopita nilimwandikia hesabu: sabuni, mitungi ya maji, masaa manne kwa wiki.

"Dada, si hata nguo zako unafua nyumbani?"

"Nguo zangu hazifuti madirisha yako, mzee."

Alinyamaza, akakunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Wiki hii amelipa sabuni na maji. Masaa bado tunavutana, na sijaifuta hiyo laini kwenye hesabu.