Kutoka Jericho Mpaka Hospitali ya Kenyatta

Msomaji wa mbali akisikia jina la Jericho hukumbuka mji ule wa Biblia ambao kuta zake zilianguka kwa sauti ya tarumbeta. Lakini Jericho tunayotaka kuizungumzia hapa ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, uliojengwa na Halmashauri ya Jiji kiasi cha mwaka 1960 uwe makao ya wafanyakazi na jamaa zao. Jirani yake ni Jerusalem. Na karibu hapo iko mitaa ya Maringo, Hamza na Lumumba, na ile ya Mbotela na Ofafa, ambayo majina yake ni ukumbusho wa madiwani wawili wa Nairobi: Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953.

Mgeni aingiaye Jericho huona nyumba zilizopangwa kwa safu, nguo zimeanikwa kati yake, na watoto wakicheza. Liko soko, ziko shule na makanisa, uko uwanja wa mpira uitwao Camp Toyoyo, na kiko kituo cha afya cha umma. Wakazi wametoka pande nyingi za nchi: Nyanza, Magharibi, Ukambani, Mkoa wa Kati na Pwani. Wengi wao wana nyumba mbili moyoni: hii ya mjini wanakofanya kazi, na ile ya wazazi wanakokwenda wakati wa Krismasi na wakati wa msiba. Jambo hilo tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Mkazi wa Jericho akiugua ugonjwa mdogo huenda kwa miguu mpaka kituo cha afya. Ugonjwa ukiwa mkubwa, hapana budi kupanda gari. Hufuata Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, akapita Makongeni na Kaloleni, soko la Burma na uwanja wa City, akafika Muthurwa kwenye msongamano wa mabasi na mikokoteni. Kutoka hapo huvuka upande wa stesheni ya reli, akapanda kilima, na mwisho huliona jengo refu la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikaitwa King George VI, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikapewa jina la Jomo Kenyatta. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za kutibu kansa kwa miale, kabla mashine nyingine hazijawekwa kwingineko.

Njia hiyo haifiki maili kumi. Hata hivyo, wako watu wanaotumia mwaka mzima kuisafiri. Mtu huona uvimbe, akanyamaza. Huona damu isiyo ya kawaida, akaona haya kusema. Hutumia dawa za dukani, kisha za mitishamba, kisha huomba ruhusa kazini, akanyimwa. Anapofika kwa mpasuaji, uvimbe umekwisha kuenea, na kisu ambacho kingalimponya mapema sasa hakiwezi.

Basi hapa pana swali la kufikiri. Je, daktari aliye hospitalini anajua ugonjwa unaoishi mtaani? Jibu ni kwamba anawajua waliofika. Mkulima anayehesabu magunia yaliyofika sokoni tu hawezi kujua ni mahindi mangapi yaliyoliwa na fukusi ghalani. Hali kadhalika hospitali: ikitaka kuijua kansa, yapasa itoke nje ya milango yake. Jambo hili lilidhihirishwa hapa kwetu Afrika Mashariki na mpasuaji mmoja, na habari zake zafaa kusimuliwa.

Jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, naye alikuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili. Baadaye akamwona mwingine mwenye hali hiyo hiyo huko Jinja. Alipochunguza kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba watoto wengi walikuwa wamekufa kwa kansa hiyo, nayo ilikuwa haijatambuliwa kuwa ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Kuukata uvimbe huo kulisaidia kidogo sana, kwa maana ulikua upesi na ulijitokeza mahali pengi mwilini.

Mtu mwingine angaliendelea kukata. Burkitt aliacha kisu kwa muda akashika ramani. Alipeleka karatasi zenye picha za wagonjwa kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika Afrika, akiwauliza kama wameuona ugonjwa huo. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia katika gari kuukuu, wakasafiri maili yapata 10,000 kwa muda wa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliporudi, ramani ilikuwa imesema neno ambalo chumba cha upasuaji kisingaliweza kulisema kamwe: ugonjwa huo ulikuwapo penye joto na mvua, na haukuonekana mahali pakavu wala nyanda za juu zenye baridi. Karibu na Ikweta mpaka wake ulikuwa kiasi cha futi 5,000.

Habari hizo zilizaa nyingine. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, walivumbua virusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda. Leo wataalamu wajua kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, ndivyo vinavyoandaa njia ya kansa hiyo. Na hapa Nairobi, mpasuaji wa masikio, pua na koo aliyeitwa Peter Clifford, katika hospitali hii hii tuliyopanda kilima kuiona, aliwatibu watoto wa namna hiyo kwa dawa badala ya kisu. Baadhi yao walipona, wakaishi miaka mingi.

Sasa tulikumbuke lile neno la nyumba mbili. Nairobi iko juu ya futi 5,000, nayo Jericho pia. Kwa kanuni ya ramani ile, mtoto aliyezaliwa na kulelewa Jericho hakuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa huo. Lakini binamu yake aliyelelewa kando ya Ziwa, au Pwani, alikuwa hatarini. Watoto wawili wa ukoo mmoja, wa damu moja na jina moja, wametenganishwa na mbu na urefu wa mlima. Basi yule anayesema kwamba kansa ni laana ya ukoo, na auangalie mfano huo. Asili ya mtu ina sehemu yake katika baadhi ya kansa, lakini mahali anapoishi na mambo yanayomfika pia huwa na nguvu.

Kazi ya kuhesabu haikuishia kwa Burkitt. Tangu mwaka 2001 iko daftari ya kansa ya Nairobi, inayotunzwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI. Wasomaji walio makarani wataielewa kazi hiyo kuliko wengine: ni kufungua majalada ya hospitali, kusoma vitabu vya maabara na hati za vifo, kisha kuhakikisha kwamba mtu mmoja hakuandikwa mara mbili. Kati ya mwaka 2004 na 2008 waliandikwa wagonjwa wapya 8,982 katika Nairobi: wanaume 3,889 na wanawake 5,093. Kwa wanawake zilizoongoza ni kansa ya matiti na ile ya mlango wa kizazi. Kwa wanaume, kansa ya tezi dume.

Iko na hesabu nyingine, ambayo haimngoji mtu afike hospitali. Katika Viwandani, upande wa pili wa Barabara ya Jogoo kutoka Jericho, na katika Korogocho, watafiti wa kituo kinachojulikana kwa herufi APHRC walianza mwaka 2002 kupita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Penye msiba, waliwauliza wafiwa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, ili madaktari wapate kukisia sababu ya kifo. Kwa njia hiyo hata yule aliyefia kitandani pake bila kuonwa na mganga alihesabiwa.

Lakini faida kubwa hupatikana mtafiti anapomwendea mtu mzima wa afya kabla ugonjwa haujaanza. Kansa ya mlango wa kizazi huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana, navyo huchukua miaka mingi, pengine 10 hata 20, kabla ya kuleta kansa. Chanjo yake ilikuwapo, ila ilitolewa kwa sindano zaidi ya moja, na gharama yake ilikuwa nzito kwa nchi kama zetu. Ndipo madaktari, miongoni mwao Nelly Mugo wa KEMRI, wakauliza: je, sindano moja haitoshi?

Kuanzia Desemba 2018 waliandikisha wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, katika Nairobi, Thika na Kisumu. Kwa kura, baadhi walipewa sindano moja ya chanjo ya HPV, na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na hao wa pili waliwekewa ahadi ya kupewa ile ya HPV baadaye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya miezi 18, sindano moja ilikuwa imezuia maambukizo ya aina mbili za virusi zilizo hatari zaidi kwa kiasi cha asilimia 97.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba sindano moja yaweza kutumika kuwakinga wasichana. Vijana wa miji yetu waliokubali kuinua mkono wa nguo wamewafaa mabinti wa nchi ambazo pengine hawatazifikia maishani.

Tuwaze basi juu ya jamaa moja ya Jericho, yenye mama wa miaka 40 na binti wa miaka 10. Binti ana haki ya chanjo, maana serikali ya Kenya iliingiza chanjo ya HPV katika mpango wa taifa mwezi wa Oktoba 2019, kwa wasichana wa umri wake. Mama naye yumo katika wale wa miaka 25 hadi 49 wanaohimizwa kupimwa mlango wa kizazi. Njia moja ya kupima ni nyepesi: mganga hupaka siki iliyopunguzwa makali, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Kasoro ikionekana mapema, hutibiwa kabla haijawa kansa, bila upasuaji mkubwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, nayo yaweza kumwondolea miezi ya kupanda na kushuka kilima cha Kenyatta.

Na baba wa nyumba hiyo asidhani kwamba habari hizi ni za wanawake peke yao. Ni wajibu wake kutoa ruhusa na nauli, na kutomcheka mkewe anapotaka kupimwa. Na yeye mwenyewe, akiona taabu katika kukojoa au chakula kikimkwama kooni, asingoje mwaka upite.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuta za Jericho ya kale zilianguka kwa siku moja; afya ya mtu huanguka kidogo kidogo, kwa nyufa ambazo mwenyewe huziona kwanza kabla ya daktari yeyote. Wapasuaji wetu ni hodari, na wataalamu wataendelea kuandika daftari zao na kuchora ramani zao. Lakini hatua ya kwanza ya matibabu bado i mikononi mwa mkazi wa mtaa, naye yaweza kuipiga kwa miguu, asubuhi moja, mpaka kituo cha afya kilicho karibu naye.