Nani Anakushikia?

Wamebomoa kibanda cha mzee wa ngazi pale Kariakoo, na kijana anayeuza chaja hapo mbele akaniuliza kama kweli mtu aliweza kuishi kwa kuuza ngazi. Aliishi, tena akasomesha.

Alichonga mikoko iliyoshushwa na majahazi kutoka Rufiji. Ukipita asubuhi ukasikia harufu ya magome mabichi na matope ya chumvi, ujue mzigo umeingia. Boriti mbili ndizo miguu. Vipago alikata kwenye pau, akavichimbia mapengo kwa patasi, akapiga misumari, kisha akazungushia waya, maana msumari huoza kwa ndani. Kabla ya kuuza alikirukia kila kipago, mzee mzima na msuli wake. Halafu alimsimamisha mteja, vidole vya miguu vikigusa ngazi, mikono imenyooka mbele: viganja vikifika kwenye kipago, mlalo uko sawa. Vitabu vya usalama husema mita 1 nje kwa kila mita 4 za kwenda juu. Ni yale yale. Mwisho aliuliza, "Nani anakushikia?" Aliyejibu hana mtu aliondoka na ngazi na karipio.

Baba mdogo, mchora mabango, alikuwa na mshikaji wake. Siku aliyomtuma tapentaini ndiyo siku ngazi ilipoteleza kwenye saruji. Hakuwa amepanda hata kimo cha mlango, nyonga ikavunjika. Mwenye duka alilokuwa akilichorea bango akatoa nauli ya teksi, basi. Sheria ya fidia ilikuwapo tangu ukoloni, lakini nani alimwambia? Na hata angejua: kwa kilema cha maisha, ukomo ulibaki shilingi 108,000 mpaka ilipotungwa sheria mpya ya 2008.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, zikaja ngazi za alumini: nyepesi, mtu mmoja anabeba begani. Mshikaji akakosa kazi hapo. Ghorofa zikajaa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza 2015, na ni jambo jema, ila fundi rangi anayechukuliwa kijiweni hana mwajiri aliyemwandikisha popote. Juzi nimemwona mmoja kaisimamisha ngazi wima kama nguzo ya umeme, juu ya vigae vilivyolowa, simu sikioni. Chini hapakuwa na mtu.

Ukimwita fundi nyumbani kwako, usibishanie hela ya saidia fundi. Lipa wawili.