Barua kwa Mpwa Wangu Aliyechaguliwa Mwenyekiti wa Kijiji

Mpwa wangu mpenzi,

  Hapa Muheza tumepata habari kwamba wanakijiji wamekuchagua kuwa mwenyekiti wao. Hongera sana, mwanangu. Furaha yangu ni kubwa, ndiyo maana sitaki kukutumia pongezi tupu.

Uliponipigia simu ulisema wapo wanaokushauri kwamba, kwa kuwa wewe ni mwanamke na bado kijana, uanze kwa ukali ili uogopwe. Ushauri huo usiufuate. Siku hizi kiongozi akimfokea mtumishi mbele ya kamera, jioni hiyo hiyo video inazunguka kwenye simu na watu wanashangilia kwamba huyo ndiye jembe. Kesho yake dawa bado hazipo zahanati, na yule mtumishi amejifunza jambo moja tu: kuficha. Kiongozi anayeogopwa huletewa habari njema peke yake, na mwisho anakuwa mtu wa mwisho kujua kinachoendelea katika eneo lake.

Ukitaka kuona nguvu ya kweli, soma maisha ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Wengi wanamkumbuka kama Mzee Rukhsa, aliyelegeza masharti ya biashara maduka yakapata bidhaa tena. Mimi namkumbuka zaidi kwa alichofanya mwaka 1977, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkoani Shinyanga, watu waliokuwa wamekamatwa kwa tuhuma za mauaji walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi hakumgusa mtu kwa mkono wake. Angeweza kuwafukuza walio chini yake, kutoa kauli kali na kubaki na cheo. Badala yake alijiuzulu. Wizara ilikuwa yake, na waliokufa walikuwa chini ya ulinzi wa wizara hiyo. Uwaziri aliupoteza, heshima ikabaki. Mwaka 1985 huyo huyo akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Akiwa Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, mwaka 1991, izunguke nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja kiendelee au vyama viwe vingi. Takriban watu 80 katika kila 100 walisema chama kimoja kinatosha. Serikali ingeweza kuishia hapo na kusema wengi wameshaamua. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, chama tawala kikakubali, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hilo likae moyoni mwako kwa sababu utalihitaji. Wengi wana haki ya kuamua, na wachache wana haki ya kusema, kujipanga na kuwashawishi wengi. Waliokunyima kura nao ni watu wako. Wakija na barua ya utambulisho igongwe muhuri, gonga, wala usiwaulize walikuwa upande gani.

Simsifu Mzee Mwinyi kana kwamba utawala wake haukuwa na doa. Miaka yake ya mwisho ilikuwa na malalamiko makubwa ya rushwa na uzembe, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikosoa serikali hadharani, tena kwa maneno makali. Mwinyi alivumilia. Vipindi viwili vilivyowekwa na Katiba vilipokwisha mwaka 1995, alimkabidhi nchi Benjamin Mkapa, akaishi kama mstaafu miongoni mwetu hadi alipofariki Februari 2024. Kukubali lawama, kusikiliza wachache, kuvumilia kukosolewa na kuondoka muda ukifika: mambo haya manne yanahitaji moyo wenye nguvu kuliko kufoka.

Sasa tuje kwenye kijiji chako. Sheria inakutaka uitishe mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti humo. Usiruke hata mmoja. Nilipokuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, tulichangishana kujenga darasa. Mkutanoni mama mmoja akasimama akauliza mabati yaliyonunuliwa ni mangapi na yaliyoezekwa ni mangapi. Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti wetu hakumkatiza. Alimwomba mtendaji alete leja na risiti, akazisoma kwa sauti, kisha mkutano mzima ukaenda stoo ya shule. Yule mama ndiye aliyeyahesabu mabati yaliyobaki, bati moja moja, na hesabu ikalingana na leja. Michango ya darasa la pili ilikusanywa bila mgambo kupita nyumba kwa nyumba.

Jaribu kubwa zaidi litakuja kwa njia ya ardhi. Atafika mtu na gari zuri na karatasi zilizoandaliwa tayari, akuambie kwamba saini yako pekee inatosha na kwamba kuna bahasha ya usumbufu. Mjibu kwa utulivu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Wapo watakaokuona dhaifu kwa kusema "sina mamlaka hayo". Waache. Mwenyekiti anayejua mpaka wa mamlaka yake hanunuliki kirahisi, kwa sababu hana cha kuuza.

Jihadhari pia na wanaokusifu asubuhi na jioni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Awepo karibu nawe mtu mmoja au wawili wanaothubutu kukuambia umekosea, na wakikuambia, usiwanunie. Wewe umepewa miaka mitano. Tangu sasa washirikishe vijana wengine kazi za kamati, ili siku ukiondoka kijiji kisiwe yatima.

Cheo ni dhamana, mwanangu. Mkutano wako wa kwanza uitishe kabla miezi mitatu haijaisha, taarifa ya mapato na matumizi iwe ajenda ya kwanza, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale ofisini. Ukianza hivyo, hutakuwa na haja ya kuogopwa na mtu yeyote.

Mungu akulinde na akuongoze.

Mimi mjomba wako akupendaye