Barua Mbili za Bohemia

Katika mji wa Mladá Boleslav, kaskazini-mashariki mwa Praha, aliishi muuza vitabu aliyeitwa Václav Klement. Alikuwa na baiskeli iliyoundwa Ujerumani, chapa yake Germania, nayo ikaharibika. Katikati ya miaka ya 1890 akaliandikia barua tawi la kiwanda hicho lililokuwa katika mji wa Aussig, humohumo Bohemia, akieleza ubovu wa chombo chake. Aliandika kwa Kicheki, lugha aliyolelewa nayo. Jibu alilolipata, kama linavyosimuliwa hadi leo huko kwao, lilikuwa kwamba akitaka kujibiwa, basi aandike kwa lugha inayoeleweka.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara kinachonichoma si ule ufidhuli. Kinachonichoma ni umbali. Aussig, ambao leo huitwa Ústí nad Labem, si nchi ya ng'ambo. Ni mwendo wa siku moja kwa hiyohiyo baiskeli, kama ingekuwa nzima. Karani aliyelijibu lile karatasi alikuwa jirani. Bila shaka alikuwa akikisikia Kicheki sokoni na kwenye stesheni ya reli. Alichokikataa si sauti ya lugha hiyo bali cheo chake: Kicheki kiimbe, kipike, kibembeleze mtoto, lakini kisiingie ofisini.

Hali hiyo ilikuwa na umri. Mwaka 1784 Mfalme Josef wa Pili alikifanya Kijerumani kuwa lugha ya utawala, na kwa muda mrefu mtu wa Bohemia aliyetaka kupanda ngazi alikipanda Kijerumani kwanza. Hata walioipenda lugha yao waliipenda kwa Kijerumani. Josef Dobrovský, mwanazuoni mkubwa, alikitungia Kicheki kitabu cha sarufi mwaka 1809, na kitabu chenyewe kikawa cha Kijerumani. Karel Hynek Mácha, ambaye Wacheki humhesabu mbele ya washairi wao wote, alianza kutunga kwa Kijerumani kabla ya kurejea nyumbani na utenzi wake wa Máj, alioutoa kwa fedha yake mwenyewe mwaka 1836, mwaka huohuo aliofariki akiwa hajatimiza miaka 26.

Kati ya watu wa kizazi hicho ninayemhusudu zaidi ni Josef Jungmann. Kamusi yake ya Kicheki na Kijerumani ilitoka kati ya mwaka 1834 na 1839, majalada matano. Pale lugha ilipopungukiwa, yeye na wenzake waliazima kwa ndugu wa Kislavoni. Neno vzduch, hewa, na neno příroda, maumbile ya dunia, waliyachota katika Kirusi, wakayakata na kuyashona hadi yakawakaa. Walichekwa, kama wanavyochekwa waunda istilahi kila mahali. Sisi wenyewe tumewahi kucheka. Leo Mcheki avutapo pumzi hajui kwamba hewa yake ni ya kuazima.

Hata hivyo tazama tarehe. Kamusi ilikamilika mwaka 1839. Utenzi ulikuwa umechapishwa. Ukumbi mkubwa wa tamthilia ulikwisha kujengwa Praha kwa michango ya watu, na chuo kikuu kilikuwa kimegawanywa mwaka 1882, upande wa Kicheki na upande wa Kijerumani. Baada ya yote hayo, barua ya mtu mwenye baiskeli mbovu bado ilirudishwa. Wapenzi wa lugha tunaokutana kwa mashairi tunapenda kuamini kwamba lugha huokolewa na washairi. Naamini washairi huipa lugha sababu ya kuishi. Riziki huitafuta kwingine. Nami nayasema haya nikiwa nimewahi kuiandikia kampuni moja ya hapa kwetu kwa Kiswahili, kwa adabu zote, kuhusu deni nililodaiwa kimakosa, nikajibiwa kwa Kiingereza na mtu ambaye jina lake la ukoo ni la wilaya ya jirani.

Klement hakujibu kwa shairi. Mwishoni mwa mwaka 1895 aliungana na fundi aliyeitwa Václav Laurin, wakafungua karakana. Baiskeli zao waliziita Slavia, na asiyeusikia mkuki ndani ya jina hilo arudie kulisoma jina la ile ya Ujerumani. Mwaka 1899 wakatengeneza pikipiki, na mwaka 1905 motokaa. Ndiyo kampuni iliyoungana mwaka 1925 na Škoda ya Plzeň.

Barua ya pili, au tuseme mkoba wa barua, ni ya mwaka 1920. Franz Kafka, Myahudi wa Praha, aliandika kwa Kijerumani na kufanya kazi katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi. Ilipozaliwa Chekoslovakia mwaka 1918, lugha ya ofisi yake iligeuka kuwa Kicheki, naye akabaki kazini, kwa kuwa alikijua. Milena Jesenská, aliyekuwa akiishi Vienna, aliifasiri kwa Kicheki moja ya hadithi zake, na kutoka hapo wakaanza kuandikiana. Kafka alimwomba amwandikie kwa Kicheki. Kijerumani, alimweleza, ndicho lugha ya mama yake, lakini Kicheki kiko karibu zaidi na moyo wake. Basi yeye akaandika kwa Kijerumani, na Milena akajibu kwa Kicheki, na hakuna aliyemtaka mwenziwe avue lugha yake mlangoni.

Ningependa kusema kwamba historia ilifuata barua hii ya pili. Haikufuata. Mwaka 1939 jeshi la Hitler liliingia Praha, na mwezi Novemba vyuo vikuu vya Kicheki vikafungwa. Milena alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Ravensbrück. Dada watatu wa Kafka waliuawa. Vita vilipokwisha, Wajerumani wapatao milioni tatu walifukuzwa Chekoslovakia, wakiwemo wazee na watoto wasiojua kwao kwingine, na Aussig penyewe wengi waliuawa mwezi Julai 1945. Kijerumani cha Bohemia, kile alichokiandika Kafka, karibu kilizimika pamoja nao. Lugha iliyokataa kusikilizwa kwa nyingine ikaja kukataliwa yenyewe, na siwezi kuiita hiyo haki.

Mwaka 1991 Volkswagen iliingia ubia na Škoda, na mwaka 2000 ikaimiliki yote. Mabepari wa Ujerumani wanakitawala kiwanda kilichozaliwa kwa kukataliwa barua ya Kicheki, na magari yanatoka Mladá Boleslav yakiwa na jina la Kicheki pamoja na alama yake ndogo juu ya herufi S.

Sisi tumeguswa na ugomvi huu kuliko tunavyodhani. Katika miaka ileile barua ya Klement iliporudishwa, Kiswahili kilikuwa kikifundishwa Berlin, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887. Hakikufundishwa kwa mahaba. Anayekwenda kutawala Tanga na Bagamoyo alihitaji kuelewa na kueleweka. Mwaka 1904 watawala hao waliibadili sarafu ya koloni: rupia, iliyokuwa na pesa 64, ikawa na Heller 100. Heller ni jina la sarafu ndogo ya kale kutoka mji wa Hall wa Ujerumani. Austria nayo ilikuwa imelifufua mwaka 1892, na katika midomo ya Wacheki likawa haléř. Katika midomo yetu likawa hela.

Ujerumani haitumii tena Heller. Wacheki waliiondoa sarafu yao ya mwisho ya haléř mwaka 2008. Huku kwetu konda bado anaiomba kila asubuhi, na abiria bado anaapa kwamba hana.